Wadudu wa kuku: tibu banda, usitibu kuku peke yake

Kuku wa uani ni akiba. Mgeni akija ghafla, karo ikipungua au mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda hospitali, kuku ndiye anayeshikwa kwanza. Ndiyo maana wadudu wa bandani ni hasara kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ni nadra kuua kuku wote kwa siku moja kama kideri. Wao hunyonya kidogo kidogo: tetea anapunguza kutaga, koo anaacha mayai kabla hayajaanguliwa, vifaranga wanazubaa na kufa mmoja baada ya mwingine, na mwenyewe hujui ulichokosea.

Nafuga kuku wa kienyeji uani kwangu hapa Kisauni, na majirani huniuliza swali hili karibu kila msimu: "Nimempaka kuku dawa, mbona wadudu wamerudi?" Jibu ni fupi. Wadudu wengi wanaomsumbua kuku hawaishi kwenye mwili wake. Wanaishi kwenye nyufa za banda, kwenye fito za kulalia, kwenye makuti na kwenye mchanga. Ukimtibu kuku ukaliacha banda, umemuosha mtu kisha ukamrudisha kwenye kitanda chenye kunguni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa, mjue mdudu wako na ujue anakolala.

Utitiri mwekundu: mnyonyaji wa usiku

Huyu ndiye anayewashinda wengi. Ni mdogo kuliko kichwa cha sindano. Akiwa na njaa huwa wa kijivu, akishanyonya huwa mwekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa, chini ya fito na pembeni mwa viota. Usiku hutoka, hunyonya, kisha hurudi alikotoka. Ndiyo sababu ukimkagua kuku saa nne asubuhi unaweza usione kitu.

Dalili zake ni hizi. Kuku wanakataa kuingia bandani jioni na wanataka kulala juu ya mti. Undu, ule upanga mwekundu wa kichwani, unapauka. Mayai yana vidoa vidogo vya damu. Kwenye maungio ya mbao unaona kitu kama jivu lililochanganyika na pilipili manga, nayo ni maganda na kinyesi chao. Na wewe mwenyewe ukitoka bandani unawashwa mikono na shingo.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu chochote. Baada ya isha, chukua tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya ufito ambao kuku wamelalia. Kikitoka na michirizi myekundu, umempata.

Kwenye joto kama letu, utitiri huyu hutoka yai hadi kuwa mzazi kwa siku 7 hadi 10 hivi. Sasa piga hesabu ya koo anayelalia mayai kwa siku 21. Amekaa mahali pamoja muda wa vizazi viwili au zaidi vya utitiri, usiku na mchana, bila kuondoka isipokuwa kwenda kula. Koo anayeacha mayai yake siku ya kumi na tano mara nyingi hana ukaidi wowote. Ananyonywa damu na ameshindwa kuvumilia. Na vifaranga wakianguliwa kwenye kiota hicho, damu yao ni kidogo, hawahimili hata siku chache.

Utitiri hawa wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya. Banda lililoachwa tupu kwa wiki mbili au tatu bado lina wadudu, hata kama hakuna dalili. Ukileta kuku wapya, umewaletea chakula.

Papasi: kupe wa ufa

Papasi ni jamii ya kupe, lakini mwili wake ni bapa na ngozi yake laini kama ngozi iliyokunjamana. Hupenda kuta za udongo, mawe ya matumbawe yenye vitundu, na mbao kuukuu. Mabanda mengi ya kwetu Kilifi, Kwale na Lamu yana vitu hivyo vyote. Mkubwa hunyonya usiku kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha hurudi ufani. Wale wadogo kabisa hung'ang'ania ngozi ya kuku kwa siku kadhaa, hasa chini ya mbawa, na huonekana kama vidoa vya samawati iliyoiva.

Papasi ana hatari mbili zaidi ya kunyonya damu. Anaweza kumwambukiza kuku ugonjwa wa homa unaosababishwa na bakteria, ambapo kuku anazubaa, anaharisha kijani na kufa. Pia wale wadogo wakiwa wengi wanaweza kumfanya kuku apooze miguu. Na papasi ni mvumilivu: anaweza kuishi zaidi ya mwaka bila kula. Dawa ya kupaka kuku haimfikii. Dawa yake ni kuziba nyufa.

Viroboto wa kuku

Hawa utawaona bila tochi. Ni vidoa vyeusi au vya kahawia vilivyojipanga kuzunguka macho, kwenye undu na kwenye ndevu za kuku. Haruki-ruki kama kiroboto wa mbwa. Jike hujichomeka kichwa kwenye ngozi na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Kifaranga aliyezungukwa macho na viroboto hawezi kuona punje, na hufa kwa njaa huku chakula kiko mbele yake.

Wapo wanaowaita funza. Funza anayeingia vidoleni mwa watu ni mwingine, yeye hujizika ngozini mwili karibu wote. Lakini kiroboto wa kuku naye hachagui sana: hushika paka, mbwa, panya, na humuuma mtu.

Jike akiwa amekaa kwenye uso wa kuku, mayai yake huanguka chini. Funza wadogo hukua kwenye mchanga mkavu na uchafu wa bandani, kisha hutoka viroboto wapya. Mzunguko huo huchukua mwezi mmoja hadi miwili. Kwa hiyo wakati wao mzuri ni kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, mchanga wetu unapokuwa mkavu kama unga.

Usiwachomoe kwa nguvu, utaacha kidonda. Wapake mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, au mafuta ya nazi mazito. Mafuta huwaziba pumzi. Rudia kesho yake na keshokutwa, na uepuke kuingiza ndani ya jicho. Siku hiyo hiyo kwangua mchanga wa juu wa banda, utoe uchomwe au uzikwe mbali, na uweke dawa kwenye sakafu.

Wanaoishi kwa kuku mwenyewe

Wapo pia ambao hawashuki. Chawa wa kuku huishi maisha yake yote mwilini, huzaliana kwa wiki tatu hivi, na akitoka kwa kuku hafiki mbali. Mfunue kuku manyoya karibu na sehemu ya kutagia mchana: utaona wadudu wa rangi ya majani makavu wakikimbia, na mayai meupe yameshikana kama sukari kwenye shina la unyoya. Kuna pia utitiri wa manyoya, ambaye tofauti na yule mwekundu hukaa kwa kuku mchana na usiku, na huacha manyoya ya nyuma yakiwa meusi na machafu. Kwa hawa, poda ya kuku iliyopakwa sawasawa ndiyo kazi kubwa. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai.

Wa mwisho ni utitiri wa miguu. Magamba ya miguu yananyanyuka, yanakuwa mazito na meupe kama chokaa, na kuku anaanza kuchechemea. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, kausha, kisha paka mafuta ya mgando au ya nazi. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne. Magamba hayapendezi mara moja, mengine hungoja mpaka kuku aote mapya. Usiyabandue kwa kucha.

Siku ya kazi

Mimi hutenga siku moja yenye jua, kuanzia asubuhi, na utaratibu ni huu:

1. Toa kuku wote nje, na utoe mayai, vyombo vya maji na vya chakula.
2. Toa maranda, majani na viota vyote vya zamani. Vichome mbali na makuti. Ukivitupa nyuma ya banda, wadudu watarudi kwa miguu yao.
3. Ng'oa fito za kulalia. Zimwagie maji yanayochemka pande zote, hasa ncha, kisha zianike juani. Ufito uliooza au wenye magome ubadilishe. Magome ni vyumba vya utitiri.
4. Fagia kuta, pembe na chini ya paa. Osha kwa maji ya sabuni kwa brashi. Sabuni hulainisha ngozi ya mdudu na kutoa uchafu unaozuia dawa kumfikia.
5. Likikauka, ziba nyufa kwa udongo mpya au saruji, kisha paka chokaa ukuta mzima. Hapa kwetu chokaa ya matumbawe ni kitu cha asili, na nyumba zetu za mawe zimepakwa hivyo kwa karne nyingi. Kwa banda, faida yake ni kuziba vitundu. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, na usirudishe kuku mpaka ikauke kabisa, kwa maana ikiwa mbichi huunguza miguu na macho.
6. Nyunyiza dawa ya wadudu iliyoandikwa kwamba ni ya mabanda ya kuku, ukilenga nyufa, maungio na chini ya viota. Acha ikauke.
7. Siku hiyo hiyo, wapake kuku poda: shingoni, mgongoni, chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya kutagia. Epuka macho na mdomo.
8. Weka maranda mapya makavu na uwarudishe jioni.

Kisha weka alama kwenye kalenda. Baada ya siku 7 hadi 10 rudia hatua ya sita na ya saba. Mara ya kwanza umeua wakubwa, mayai yamebaki. Mara ya pili unawakuta watoto kabla hawajataga. Ukiiacha mara ya pili, baada ya mwezi utakuwa ulipoanzia, na fedha ya dawa imekwenda. Baada ya wiki tatu, rudia kipimo cha tochi na kitambaa cheupe.

Angalia pia juu. Viota vya jurawa kwenye paa la banda huleta utitiri. Viondoe vikishakuwa vitupu.

Dawa: kuna vya kutumia na vya kuacha

Kwenye duka la dawa za mifugo utapata poda na maji ya dawa, nyingi zikiwa na permethrin au ndugu zake. Soma kibandiko mwenyewe. Dawa ya wadudu iliyosajiliwa Kenya huwa na namba ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Isiyo na namba, au iliyopakuliwa kwenye mfuko usio na jina, iache dukani. Kipimo ni kile kilichoandikwa. Ukizidisha hufanyi dawa iwe kali, unamsumbua kuku na kula sumu kwenye yai.

Hili la yai nataka tulisikilize. Dawa nyingi zina muda wa kungoja kabla ya kula mayai au nyama. Muda huo umeandikwa. Yai la kuku aliyepewa dawa jana unalichemshia nani? Mara nyingi ni mtoto, au mama aliyejifungua. Na anayepanga kuuza kuku wakati wa Idi ahesabu siku kurudi nyuma, amalize tiba mapema, asimpake kuku dawa leo na kumchinja kesho.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya kuku mpaka kibandiko kiseme hivyo. Sindano ya ivermectin ya ng'ombe, ambayo wengine huidondoshea kuku shingoni, usiitumie bila daktari wa mifugo, hasa kwa kuku wanaotaga. Dawa ya kunyunyizia mboga au pamba usiilete kabisa. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari yakimgusa kuku humuunguza ngozi, na oili chafu ina madini mabaya. Utapika yai hilo hilo.

Na wenye paka, ambao pwani ni karibu sisi sote: permethrin ni sumu kali kwa paka. Wafungie mbali mpaka banda likauke, na usimpake paka poda ya kuku hata kama amejaa viroboto. Yeye anahitaji dawa yake.

Vitu vya nyumbani vina nafasi yake. Kuku akipata mahali pakavu pa kuoga vumbi, penye mchanga na jivu la kuni lililopoa, hujipunguzia chawa mwenyewe. Beseni kuukuu chini ya kivuli latosha. Kuna pia unga wa diatomite, unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ambao hukausha ngozi ya mdudu. Ila hufanya kazi ukiwa mkavu tu, na unyevu wa pwani haukubali kirahisi. Vaa barakoa unapoumwaga. Mwarobaini nao unasaidia, na mafuta ya mbegu yake yana nguvu kuliko majani. Majani yaliyowekwa kiotani yanapunguza wadudu. Banda ambalo tayari limejaa hayalisafishi.

Usisahau wa tumboni

Kuku anayekula vizuri lakini anakonda, kifua kikabaki mfupa, huenda ana minyoo. Mkubwa kati ya ile mviringo hufika sentimita 12, na mayai yake hukaa mchangani kwa miezi. Tegu huingia kwa njia nyingine: kuku hula chungu, mende wa samadi au konokono aliyebeba mbegu yake. Ndiyo maana dawa hutofautiana. Piperazine huondoa ile minyoo mviringo mikubwa lakini haigusi tegu. Mwambie muuzaji ulichokiona kwenye kinyesi, usiseme tu "nipe ya minyoo". Wafugaji wengi hutoa dawa kila miezi mitatu, na ni vizuri kuitoa wiki mbili hivi kabla ya chanjo, ili chanjo imkute kuku ana nguvu.

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanaoharisha damu ni jambo jingine. Hiyo kwa kawaida ni koksidia, kijidudu cha utumbo kinachopenda maranda yaliyolowa. Huzidi wakati wa masika. Dawa ya minyoo haimtibu. Inahitajika dawa yake, kama amprolium, kwenye maji ya kunywa, na sakafu kavu siku hiyo hiyo.

Wakati si wadudu

Kuku wakifa wengi kwa siku mbili tatu, shingo zikipinda, wakikoroma na kuharisha kijani, usipoteze muda kutafuta utitiri. Hiyo huenda ni kideri, ambayo madukani huitwa Newcastle. Haina tiba, ina chanjo tu. Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako, wala usiuze waliobaki sokoni, maana utawapelekea wengine msiba.

Kwa yanayobaki, mkononi mwako uko uwezo. Anayejenga banda sasa atumie fito laini zisizo na magome, zinazong'oka bila msumari. Viota viwe vya kutoka, hata beseni au ndoo iliyokatwa. Ukuta usiwe na nyufa, na sakafu iwe juu ya maji ya masika. Kuku wapya wakae peke yao wiki mbili hadi nne, wakaguliwe chini ya mbawa kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Na koo akitaka kulalia, mpe kiota kipya, maranda mapya na ufito safi tangu siku ya kwanza. Siku 21 ni nyingi kwake, na hapo ndipo faida ya mwaka mzima inapopatikana au kupotea.